Viatu vya Tairi

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Nilikuwa nimeinama kwenye sigiri nageuza mihogo, hapa kwangu Kyebando, jua la saa kumi limekaa juu ya ukuta wa jirani, ikaja harufu ya mpira ulioungua. Si ile ya tairi la barabarani siku za fujo, wala ya plastiki ya takataka. Hizo tunazijua. Hii ni ndogo na chungu, inakwenda kukaa nyuma ya ulimi. Nikainua kichwa. Mwanangu Jona amesimama mlangoni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, anacheka peke yake, na sapatu ya mguu wa kulia imelika kisigino mpaka umebaki utando tu.

Nikamzaba kibao.

Sikuuliza kitu. Mkono ulitangulia, mimi nikafuata nyuma. Jona ana miaka tisa na hajazoea kupigwa na mimi. Akashika shavu akaniangalia kama ananitafuta ndani ya mtu mwingine.

"Mama, nimefanya nini?"

"Baiskeli ya nani?"

"Ya kina Derrick. Tunashuka nayo kule kwenye mawe, juu ya mfereji. Haina breki, kwa hiyo unakanyaga tairi la nyuma hivi..." Akainua mguu kunionyesha. Mimi! Mimi nionyeshwe namna ya kufunga baiskeli kwa kisigino!

Nikamwambia aende akaoge. Nikakaa chini. Mihogo ikaungua na sikuitoa.

Ninyi mliokua miaka yangu, hasa mliokulia kambini, hamhitaji kuelezwa. Baba yangu alikuwa polisi, na tuliishi Nsambya katika kile kibanda cha bati cha duara, ambacho saa sita mchana kilikuoka na saa kumi na moja alfajiri kilikudondoshea jasho lako mwenyewe kutoka kwenye paa. Watu walitoka kila upande wa nchi, na kila familia ilikuwa na lugha yake nyuma ya pazia, lakini ukitoka nje, kwenye bomba la maji, ni Kiswahili. Kiswahili cha kuamrisha. Hata upendo tulionyeshwa kwa sauti ya gwaride: "Wewe! Kula! Haraka!"

Nilikuwa na marafiki wawili. Mmoja ni Musa, mtoto wa dereva wa gari la doria, mnene, mwoga wa nyoka, fundi wa kucheka. Mwingine ni Akello. Baba yake alikuwa koplo kutoka kaskazini, mtu mrefu asiyesema, na Akello alichukua urefu akauacha ukimya. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, sisi tisa. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya, na alikuwa akitema mate kupitia pale yakafika mbali kuliko ya mvulana yeyote. Tulimheshimu kwa hilo peke yake.

Baiskeli tulipewa na Papa Fiston, Mkongo aliyekuwa akitengeneza baiskeli chini ya mwavuli karibu na geti la kambi. Tulimchotea maji msimu mzima, naye akatuungia moja kutoka kwenye vyuma chakavu: fremu nzito ya baiskeli ya milimani, tairi za meno makubwa ambazo hazikufanana, handibari iliyopinda kidogo upande wa kushoto. Breki haikuwa nayo. "Breki mutangoja," alituambia. "Waya nikipata, nitaita." Tungoje nini? Siku hiyohiyo tulikuwa juu kwenye tangi la maji.

Kutoka tangini mpaka kwenye reli kulikuwa na njia ambayo sidhani mtu mzima yeyote aliwahi kuifuata yote. Tuliipa majina. Kwanza Koo, mfereji mwembamba uliochimbwa na mvua, kuta zake zinakukwaruza viwiko vyote viwili. Halafu mikaratusi, ambapo mizizi inakurusha mpaka unaumwa taya. Halafu Meno. Meno ni mahali kilima kilipochimbwa mawe zamani, yakabaki yamechongoka, na katikati yake pana upenyo wa upana wa usukani. Pale ni lazima ufunge. Ukipita Meno salama unafika Sahani, uwanja mdogo wa vumbi, baiskeli inasimama yenyewe na wewe unapiga kelele za mfalme.

Na kufunga kwenyewe ni hivi: unatoa mguu wa kulia kwenye pedali, unauingiza nyuma, unakandamiza kisigino kwenye tairi. Sapatu za kawaida zilidumu safari tatu, ya nne unafunga kwa nyama yako. Lakini mimi nilikuwa na lugabire, vile viatu vilivyokatwa kwenye tairi la lori, vizito kama tofali, alivyonishonea mjomba kwa sababu nilimaliza sapatu kupita kiasi. Havikuungua. Vilitoa moshi kidogo, harufu ileile, na mlio: *shrrrr*. Ukiwa juu kwenye tangi huwezi kuona Meno, lakini unasikia. Koo, kimya. Mikaratusi, kelele za cheni. Kisha *shrrrr*, na unajua mwenzako amefika na yuko hai.

Kwa hiyo utaratibu ukawa mmoja: anayeshuka anavaa viatu vyangu. Akifika chini anasukuma baiskeli kupanda, anavivua, anampa anayefuata, bado vya moto. Musa akanipa jina. Hakuniita kwa jina langu tena. "Breki yuko wapi? Bila Breki hatuendi."

Mnaelewa utamu wake? Sikuwa na mbio, sikuwa na nguvu, darasani nilikuwa katikati. Lakini hakuna mtu aliyeshuka kilima kile bila mimi.

Na niseme ukweli ambao wao waliujua na mimi nikajifanya haupo. Sikuwahi kupita Meno. Nilifika pale, nikafunga, nikashuka, nikasukuma. Kila mara. Nikifika Sahani nilipiga kelele kama wengine, nao wakaniachia.

Mpaka siku hiyo. Likizo, asubuhi iliyoanza na joto. Akello alikuwa ameshashuka mara tatu, mimi mara moja, kwa mtindo wangu. Tulikuwa juu tangini, viatu viko miguuni mwake. Nikasema ni zamu yangu. Akello akaniangalia, akatema mate kupitia mwanya.

"Zamu ya kwenda kusukuma?"

Musa akacheka.

"Mimi nashuka," nikasema.

"Viatu vyako vinashuka. Viatu vyako vimepita Meno mara mia. Wewe bado."

Musa akaanguka chini kwa kicheko, ameshika tumbo. Angecheka kidogo, labda mambo yangekuwa mengine. Nilisikia masikio yanawaka.

"Vua viatu vyangu."

"Banange, amekasirika."

"Vua!"

Akavivua. Hakubishana. Kimoja, kingine, akanikabidhi vyote viwili kwa mikono miwili, kama vile tunavyompa mtu mzima kitu, na magoti akakunja kidogo. Dharau tupu. "Shika, Mama Breki. Nenda navyo kanisani."

Nikavivaa nikaondoka. Nyuma nilimsikia Musa: "Akello, basi, ngoja. Atarudi."

"Nani angoje mwoga? Mimi nashuka hivihivi."

Nilitembea polepole kwa makusudi. Nilitaka waniite. Nikasikia cheni. Nikasikia ameingia Koo, kisha mikaratusi, ile kelele ya vyuma kugongana. Nikasimama. Nikangoja *shrrrr*.

Haikuja.

Nataka niseme nilichofikiria, hata kama kinanitia aibu. Nilifikiria: amepita. Amepita Meno bila kufunga kabisa. Ameshinda wote, na viatu vyangu havina maana tena. Halafu Musa akaanza kupiga kelele kule juu, "Akello! Akello! Akelloo!", kama uwanja mzima wa mpira, na mimi nikajua anamshangilia. Nikaziba masikio. Nikaenda nyumbani haraka, viatu vikinigonga visigino.

Jioni mama aliniambia Akello ameumia mguu, yuko hospitali pale mlimani, atapona. Alisema huku anaosha sufuria iliyokuwa safi. Nikasema, "Vizuri." Ndiyo, nilisema vizuri. Nilijiambia akirudi sitampa viatu mpaka aniombe msamaha mbele ya Musa. Niliogopa mama asije akavigawa kwa huruma yake, kwa hiyo nililala navyo miguuni, siku tatu, vinanichania mashuka. Mama aliviona na hakusema kitu. Musa hakuwepo wa kutupatanisha wala wa kunicheka. Alipelekwa Mbale kwa bibi yake usiku uleule, na hakurudi tena kusoma kwetu.

Siku ya nne asubuhi lori lilisimama mbele ya kibanda cha kina Akello. Nyumba za polisi zinajua malori. Leo mnacheza kombolela na mtu, kesho vitanda vyao viko juu ya lori, baba kahamishwa, na kibanda kinapata watoto wapya kabla ya Jumapili. Hatukuwa watu wa kuagana. Lakini Akello! Nilikimbia. Lori lilikuwa limeshaanza kutembea, na dirishani, karibu na mama yake, niliona gauni la njano lenye kola nyeupe. Gauni la Akello la Jumapili. Alikuwa amegeuza uso upande wa pili.

"Akello!" niliita. "Akello, vaa, nimeleta!" Nilikuwa nimevivua, nimevinyoosha juu.

Gauni la njano halikugeuka.

Nilimchukia miaka mingi. Nilimchukia vizuri, kwa utaratibu. Nikiwa sekondari nilikuwa bado natunga maneno ya kumwambia siku tutakayokutana mjini. Nilipopata simu yangu ya kwanza nilimtafuta mtandaoni, na kina Akello ni wengi kama nyasi. Nilipojifungua Jona, baba yake ameshapotea, nimelala wodini peke yangu, niliwaza: hata Akello angekuwa hapa angenigeuzia tu mgongo. Na watoto wa kambini walivyokuwa wakinyamaza nikifika kwenye bomba, baada ya lori lile, nilidhani wananikasirikia kwa sababu baiskeli haikuonekana tena.

Basi. Siku iliyofuata kile kibao nilichukua ile baiskeli ya kina Derrick, nikaisukuma mwenyewe mpaka kwa fundi wa kwenye makutano. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na mama wa Derrick, na barabara, na mkono wangu. Fundi alikuwa mzee, miwani imefungwa na uzi. Hakuuliza ninataka nini. Alishika tu pale waya ulipopaswa kuwa, akatikisa kichwa.

"Hii kinga inatembea hivi?" Kinga, ndivyo kwao wanavyoita baiskeli. Nikamtazama vizuri zaidi. Mikono ilikuwa ileile.

"Wewe si Papa Fiston? Wa Nsambya?"

"Oyo zamani sana, mama. Unanijua?"

"Nilikuwa mtoto pale."

Akafurahi. Akaanza kuniwekea waya huku anaongea, bei za vyuma, magoti yake, mwanawe aliyeko Nairobi. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, kama mtu anayesema habari ya mvua:

"Miye, kinga haitoke hapa bila breki. Hata mwenyewe akatae. Tangu ile mutoto ya kwa mapolisi."

"Mtoto gani?"

"Ile mwanamuke murefu, wa meno ya wazi. Alikufa kwa mawe pale chini. Ile kinga ni miye niliiunga, na breki nilisema mungoje." Akakaza skrubu. "Baba yake alikuja. Nilijua ataniua. Aliniuliza tu, Papa, kwa nini haikuwa na breki? Akaenda. Ingekuwa heri anipige."

Nilishika tandiko.

"Walikuwa na viatu vya tairi, vya kufungia," akasema. "Lakini mwenye viatu alikwenda navyo. Walizozana. Watoto, mama. Ni watoto."

Alinipa baiskeli, nikamshukuru. Hakunitambua, na mimi sikumwambia. Nilifika mpaka nyuma ya kanisa, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikakaa hapo mpaka giza likaingia.

Kesho yake nilikuwa kwa mama yangu. Siku hizi anakaa Old Kampala, chumba kimoja nyuma ya maduka. Alikuwa anamenya matoke. Sikukaa, wala sikumwamkia.

"Akello alikufa."

Kisu kilisimama. "Nani kakwambia?"

"Si wewe!"

"Punguza sauti, kuna watu."

"Wasikie! Miaka ishirini, mama! Ishirini nimemtukana maiti! Gauni la njano lilikuwa nini, basi? Nani alikuwa ndani ya lori?"

"Adong. Mdogo wake. Alilivaa tangu hospitali, akakataa kulivua mpaka wamefika kwao. Yeye alikuwa mbele na mama yake." Akavuta pumzi. "Akello alikuwa nyuma. Kwenye sanduku, chini ya vitanda."

Kwa hiyo nilimnyooshea viatu. Alikuwepo, na nilimkimbilia nimeshika viatu juu, na kila mtu mzima aliyesimama pale aliona ninachofanya akajua ninamfanyia nani. Nikamwambia mama maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia yeye na kambi nzima ni waongo, kwamba walikuwa wepesi wa kutupiga kwa kuvunja kikombe lakini hawakuwa na ubavu wa kumwambia mtoto neno moja la kweli.

Alinisubiri nimalize. Ndipo akasema, taratibu:

"Jioni ile nilishindwa kukwambia. Halafu ukalala na viatu siku tatu. Nilidhani unajua. Nilidhani unajiadhibu. Nikaenda kwa Mama Akello kumwomba radhi kwa niaba yako, nikapiga magoti kati ya mizigo. Akaniinua. Akasema, 'Yule mwenye viatu asiambiwe. Mmoja ametosha.' Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia. Siku ya kumsafirisha mwanawe, anapita nyumba kwa nyumba. Ningemkatalia vipi?"

"Nilikuwa na haki ya kulia."

"Ungelia mpaka lini? Ulikuwa na miaka tisa."

"Ningelia wakati wake, mama. Sasa nalia nikiwa nimechelewa na sina wa kulia naye."

Alirudi kwenye matoke, na niliona anayamenya vibaya, anakata nyama yote na maganda. Nimemkasirikia mpaka leo ninapoandika. Nimemkasirikia pia Mama Akello, Mungu anisamehe, kwa wema wake ule usiobebeka. Hasira inazunguka inatafuta mahali pa kukaa, kila mlango inaopiga hodi kuna mtu anayelia ndani.

Niliporudi Kyebando, Jona alikuwa amekaa kizingitini, baiskeli mbele yake, anabonyeza breki mpya na kuiachia, anabonyeza na kuiachia. Hakuniangalia. Nilikaa karibu naye. Nikamwambia samahani kwa kile kibao. Kisha nikamwambia kwa nini, kwa sababu nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba mtoto wangu hatadanganywa. Nilimwambia yote: Koo, Meno, mate kupitia mwanya, dharau yake, viatu vyangu, Musa alivyopiga kelele. Sikumwambia alienda mbinguni wala alihamishwa. Nilimwambia alikufa.

Jona alisikiliza vizuri. Ni mtoto wa mambo ya ufundi, anataka kujua kitu kinavyofanya kazi. Akaangalia sapatu zake, ile ya kushoto nzima kama ya dukani, ile ya kulia imelika. Akaniuliza, wala si kwa ubaya:

"Lakini Mama, breki si ni mguu mmoja tu?"

"Ndiyo."

"Basi ungempa kimoja. Cha kulia. Wewe ungerudi nyumbani na kile kingine."